Keria Tupu

Mwaka 2021, pale Lusahunga, mzee mmoja aliniuliza bei ya mkungu wa ndizi uliokuwa kwenye keria ya baiskeli yangu. Nikamwambia hauuzwi. Akauliza kama naupeleka kwa mtu. Nikasema hapana, narudi nao Biharamulo. Akautazama mkungu, akanitazama mimi, kisha akageuka kuwatazama wenzangu wanne waliokaa kivulini wakinywa soda. Baiskeli zao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kila moja na mzigo wake.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema taratibu, "ndizi mmezileta zitembee?"

Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nisionekane nimeshikwa. Lakini nilikuwa nimeshikwa. Ndizi zile sikuzibeba mimi, zilinibeba zenyewe. Mwanamke mwenye mume na watoto akitoka Biharamulo mjini asubuhi ya Jumamosi, akaendesha baiskeli hadi Lusahunga na kurudi, keria yake ikiwa tupu, kila kibaraza atakachopita kitakuwa na swali. Akiwa na mkungu haulizwi, kwa sababu mkungu umeshamjibia. Mimi nilikuwa na ndizi. Mwenzangu mmoja, mkunga wa zahanati, alikuwa na boksi lililofungwa kwa kamba, na ndani ya boksi hamkuwa na kitu zaidi ya gazeti kuukuu. Fundi cherehani alifunga mfuko wa vitenge ambavyo hakuna aliyemwagiza. Tulitoka kwa matembezi tukiwa tumejifanya wachuuzi, na mzee yule, aliyetaka ndizi tu, akatuvua nguo njiani.

Nimeendesha baiskeli tangu utotoni, lakini sikupata kuendesha na keria tupu hadi nilipofikisha umri wa miaka 35. Sababu zake naziona vizuri zaidi nikirudi nyuma.

Baiskeli ya kwanza niliyoiona mikononi mwa mwanamke ilikuwa inasukumwa. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Ngara, si mbali na barabara inayotoka Rusumo. Ilikuwa mwisho wa Aprili 1994. Tarehe 28 na 29, kwa muda wa kama saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka mji mkubwa kabla wiki haijaisha. Mimi sikujua hesabu hizo. Nilijua tu kwamba barabara yetu, ambayo lori likipita watoto tulikimbia kulitazama, ilijaa watu wanaotembea kimya, na kimya kile cha watu wengi namna ile sijakisikia tena.

Katikati yao alipita mama mmoja na baiskeli. Kwenye keria kulikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa mpira, juu ya godoro sufuria, na juu ya vyote mtoto amekalishwa, kashika kamba. Kwenye usukani ulining'inia mfuko wa maharage upande mmoja na dumu upande wa pili. Yule mama aliegemea usukani kwa kifua, mikono imenyooka, anasukuma. Mama yangu alimpa maji, akanywa, akamnywesha mtoto, akashukuru, akaendelea. Nikamwuliza mama kwa nini hapandi.

"Atapanda wapi, mwanangu? Nafasi iko wapi?"

Miaka mitatu baadaye nilijifunza kwenye Phoenix ya baba. Aliyejifunza kwenye Phoenix kubwa akiwa mtoto anajua: huketi. Unapitisha mguu katikati ya fremu, chini ya lile bomba la juu, unakanyaga umejipinda kama mtu anayechungulia dirishani, na baiskeli yenyewe imeinama upande wa pili ili msianguke wote. Nilianguka siku nyingi. Kovu la goti la kulia ninalo hadi leo, lina umbo la meno ya gia. Bibi alinikataza kwa hoja ile ambayo mabinti wengi wa rika langu waliisikia: mtoto wa kike akipanda baiskeli ataharibika, hatazaa. Nimezaa watatu. Bibi alimpakata wa kwanza na hakulitaja jambo hilo tena.

Baba hakukataza wala hakuruhusu. Alisema neno moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu: "Kama unakwenda kusaga, ichukue."

Basi nikawa mtoto anayependa kusaga kuliko watoto wote wa kijiji. Debe likiisha nusu, mimi ndiye wa kwanza kukumbusha. Mama alishangaa bidii yangu, akaisifu kwa majirani. Mashine ilikuwa ng'ambo ya mlima, na mtu wa Ngara akisema mlima hatanii: wilaya yetu ni vilima juu ya vilima, na vingine asubuhi vinaamka na ukungu kiasi kwamba unaisikia kengele ya ng'ombe kabla hujamwona. Kwenda nilisukuma. Kurudi, na gunia nyuma, nilishuka nimeachia breki, macho yanatoka machozi kwa upepo. Furaha ile ilikuwa yangu. Lakini kibali kilikuwa cha gunia.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo niliyatumia nusu ya maisha bila kuyaangalia vizuri: kuaga na kuomba ruhusa. Baba alikuwa anaaga. Anasimama mlangoni, koti ameshavaa, anasema, "Haya, mimi natoka, nitarudi jioni," na mlango unafungwa. Mama alikuwa anaomba. Alianza siku mbili kabla, kwa mbali, akitaja mgonjwa fulani, halafu akitaja kwamba mke wa fulani ameshakwenda kumwona, halafu siku ya tatu, chakula kikiwa mezani na kitamu kuliko kawaida, analifikisha lenyewe. Safari ya mama ililazimika kuwa na msiba, au mgonjwa, au kliniki, au soko. Sikumbuki hata siku moja alipotoka kwa sababu ya kutoka. Na sitaki kumsingizia baba ukatili. Hakuwa mkatili, na angeambiwa kwamba mama anaogopa kumwambia angeshangaa kweli. Ndivyo nyumba ilivyojengwa, kama ukuta ambao hakuna anayekumbuka aliyeuweka.

Nilipoajiriwa ualimu nikapangiwa Biharamulo. Mji wenyewe mdogo, una Boma la Mjerumani juu ya kilima na barabara zinazoshuka kwenda pande zote, na mtu mwenye baiskeli hapati shida kuupenda. Mwaka 2019 tuliunda kikoba, wanawake kumi na wanane, tukikutana Alhamisi saa kumi jioni uani kwa fundi cherehani. Mikopo ya mwanzo ilikwenda kwenye mambo yanayoeleweka: ada, bati, mtaji wa dagaa. Halafu mkunga akakopa kununua baiskeli ya kwendea kazini. Alipomaliza marejesho akakopa mwingine, kisha mimi, na baada ya mwaka na nusu uani kwa fundi palikuwa na baiskeli sita kila Alhamisi, zimelala ukutani kama mbuzi waliosubiri mnada.

Wazo la kwenda mahali kwa pamoja lilikuja kwenye ajenda ya mwisho, ile inayoitwa "mengineyo". Nadhani hapo ndipo mambo yote ya maana ya vikoba hutokea. Ajenda za juu zina fedha na faini. Kwenye mengineyo mtu akasema, "Hivi, tukienda hadi Lusahunga na kurudi, tutakufa?" Hatukufa. Tulikwenda na ndizi.

Baada ya yule mzee kutuvua nguo, Alhamisi iliyofuata tulibishana karibu saa nzima. Wengine walitaka tutafute mizigo yenye maana zaidi ili uongo usimame wima. Mkunga, ambaye ana sauti ya mtu aliyezoea kumwambia mwenzake "sukuma", akasema yeye hafungi tena boksi tupu. Akasema amechoka kubeba gazeti. Tukakubaliana mambo mawili. Safari itatangazwa siku kumi kabla, mbele ya kikoba, iandikwe kwenye daftari. Na kila mmoja nyumbani kwake aage mapema, kwa maneno ya kuaga: Jumamosi ijayo nakwenda mahali fulani na wenzangu, narudi saa fulani.

Ukilifungua daftari lile leo utaona safu za kawaida: tarehe, mwendo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani ana pampu, nani ana tyubu ya akiba, simu ya nani ina chaji. Safu iliyotuchosha kuliko zote ni ya mwisho, na haina uhusiano wowote na baiskeli. Inauliza nani anabaki na watoto wa nani. Kwa kila safari yupo mmoja au wawili wasiokwenda, wanaopokea watoto wa wenzao tangu asubuhi, na safari inayofuata wanapumzishwa wao. Wanaume wa mjini kwetu wanapopanga safari ya pikipiki kwenda kuangalia mpira Kahama, hupanga mafuta. Sisi tunapanga uji. Nimeshaona safari ikiahirishwa kwa sababu ya mvua mara moja tu, lakini kwa sababu ya safu ya watoto mara nne au tano.

Mume wa fundi cherehani aliposikia neno kuaga likitumika nyumbani kwake, aliuliza, "Mnafuata nini huko?" Akajibiwa, "Hatufuati kitu." Fundi anatusimulia kwamba alinyamaza tangu Jumatano hadi Ijumaa. Ijumaa jioni alitoka nje akaigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akalisikiliza, akaingia ndani. "Breki yako ya nyuma haikamati," akasema. "Usishuke nayo mlima hivyo." Kesho yake alfajiri mpira wa breki ulikuwa mpya.

Ningependa kusema wote walipata jibu la namna hiyo. Muuza dagaa wetu hakulipata. Yeye alitamka yale maneno wazi kuliko sisi wote, na alipoulizwa kwa nini basi asibebe dagaa auze huko anakokwenda, akajibu kwamba dagaa anabeba siku sita. Ukaitwa ukoo. Alikaa mbele ya kikao cha wakwe na mashemeji kwa siku nzima akiulizwa swali moja kwa namna nyingi. Wiki mbili baadaye akaiuza baiskeli ili kumaliza mkopo. Bado ni mwanachama, analipa hisa zake bila kuchelewa, lakini tukifika kwenye mengineyo huinuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata siku ambazo chungu hakipo. Kosa lile nalihesabu letu. Tulimfundisha sentensi tukasahau kumwuliza anaipeleka nyumba gani. Tangu hapo hatumwambii mtu namna ya kusema kwake. Tunamwambia tarehe tu, na siku kumi ni nyingi. Kila mmoja anajua mwenyewe siku ya kuitaja na saa ya kuitaja.

Safari kubwa ilikuwa ya Rusumo, Julai 2023, kiangazi, vumbi limetulia na maharage yameshavunwa. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo peke yake ni kilomita 92, na kabla ya hapo kuna kipande cha kutoka mjini. Tukapanga siku mbili, tulale Nyakahura. Tulikwenda watano.

Barabara ile ina historia ambayo kila mtu wa Ngara na Biharamulo anayo nyumbani. Miaka ya 2000 mabasi yalisubiriana ili yapite porini kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Nilipokuwa mwanafunzi nimepita humo nikiwa nimeinamisha kichwa chini ya siti, nauli yote imefichwa kwenye soksi. Pori lenyewe sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kilomita za mraba 4,707. Mama yangu, nilipomwaga kwa simu kwamba nitapita humo kwa baiskeli, alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kuna mgonjwa?"

Sasa niseme kuhusu fulana. Tulikuwa tumeamua kushona sare, na sare kwa wanawake wa kikoba si jambo dogo. Ilikula Alhamisi mbili. Njano ilikataliwa kwa kuwa inashika uchafu, kijani kwa sababu za siasa. Ikashinda bluu iliyokoza, iliyopigiwa debe zaidi na mkunga, eti inapendeza kila rangi ya ngozi. Siku ya pili asubuhi tukaingia porini tumependeza, mstari mmoja, bluu tupu. Mbung'o wakatushukia. Yeyote aliyewahi kuona mitego ya mbung'o anajua inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowaita, na kitu kinachotembea kinawaita zaidi. Sisi tulikuwa mitego mitano yenye kengele. Wanauma juu ya nguo, na maumivu yake ni kama sindano ya moto. Mikono iko kwenye usukani, hupati ya kujipiga. Mkunga, mtu aliyesomea magonjwa yote likiwemo malale, alikuwa anaendesha na kulia na kucheka kwa pamoja, akipiga kelele, "Nilijua! Nilijua, nikasahau!" Tulisimama tukavaa kanga juu ya fulana, nyekundu na nyeupe, wakapungua. Zile fulana sasa tunazivaa mjini tu.

Malori yalitutisha zaidi ya mbung'o. Barabara ni ya mizigo ya Kigali, Bujumbura na Goma, na semitrela likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma pembeni, halafu mkia wake unakuvuta ndani. Wa nyuma kabisa alikuwa na filimbi. Filimbi moja, lori moja. Filimbi mbili, yako mengi, teremkeni. Tuliteremka mara nyingi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na baiskeli ya gia, kwa hiyo milima mirefu tulisukuma, na vijana wa Ngara waliobeba ndizi walitupita wakiwa wameshika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, wanapandishwa bure, wanatupungia kwa mkono wa pili. Mkono wa pili! Usukani wameuachia Mungu. Mchezo huo umeua watu na sitausifu, ila nakiri kwamba mlima wa tatu niliutazama mkia wa lori kwa tamaa.

Karibu na Benaco nikapata pancha. Fundi wa baiskeli alikuwa bado mbali mbele, na mimi nilikuwa na vifaa, basi nikageuza baiskeli pembeni na kuanza. Watoto wakafika kabla sijatoa spana. Unabandua tairi kwa vijiko viwili, taratibu usiubane mpira, unavuta tyubu kama utumbo wa kuku, unaijaza upepo kidogo. Kutafuta tundu kunahitaji maji, na chupa yangu ilikuwa na maji ya kunywa ya kuvukia mlima. Kijana mmoja wa miaka kama kumi akakimbia, akarudi na sahani ya bati yenye maji. Nikaizamisha tyubu kipande kwa kipande tukitazama wote, vichwa vimegusana, hadi vipovu vikaanza kupanda, vidogo, vimefuatana kama shanga. "Hapo!" wakasema kwa pamoja. Nikakausha, nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikasubiri ikauke mpaka iwe ya kunata, na kusubiri huko ndiko watu wengi wanakoharibia. Nikabandika kiraka nikakigonga kwa jiwe. Mwenye sahani alikuwa anafuata kila kitu. Mwishoni akaniamkia, kwa kuwa mwanzoni alikuwa amesahau.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unauza nini?"

Rusumo tulifika saa tisa alasiri. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016. Karibu yake pana mradi wa umeme, megawati 80, nchi tatu zinagawana sawa, sisi, Rwanda na Burundi. Juu kidogo ya hapo mto Ruvuvu, uliotoka Burundi na kuipasua Ngara, unaungana na Kagera, halafu maji yote yanajibana kwenye mwamba na kuanguka. Si maporomoko marefu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Askari mmoja akatujia, kijana, ana adabu.

"Shikamooni mama zangu. Mnavuka?"

"Marahaba. Hapana, hatuvuki."

"Mna mzigo?"

"Hatuna."

Akazitazama keria, moja baada ya nyingine, tano. "Sasa mmefuata nini?"

Fundi cherehani ndiye aliyejibu. "Maporomoko." Askari akafikiri kidogo, kisha akatuonyesha mahali pa kusimama ambapo tungeyaona vizuri bila kuingia njia ya malori.

Nilisimama na baiskeli, mkono mmoja kwenye siti, nikitazama upande ambao mwaka 1994 watu walikuwa wanakuja. Wenzangu wanatoka Biharamulo na Muleba, hawakuwa na kumbukumbu ile, na sikuisimulia siku hiyo. Tulirudi juu ya Fuso lililokuwa linarudi tupu.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Kwetu sisi ilikuwa kama yamekuja kwa jirani. Tukaandika safari siku arobaini kabla, si kumi, maana kulikuwa na hati za kusafiria za kutafuta. Tukaenda watatu, kwa basi, kuangalia mbio za wanawake Jumamosi tarehe 27. Ukivuka daraja basi linahamia mkono wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma saa moja. Mkunga akasema kwa saa hiyo moja Rwanda wametulipa deni. Tulisimama Kimihurura, kwenye ule mlima wa mawe, tangu asubuhi. Pembeni yangu alikuwapo mama wa Kigali mwenye mtoto mgongoni, na Kihangaza changu cha Ngara na Kinyarwanda chake vikakutana njiani vikaelewana. Kwao baiskeli ni igare. Akaniambia habari za Jeanne d'Arc Girubuntu, binti wa kwao ambaye mwaka 2015 alikuwa mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza kushiriki mashindano haya ya barabara, kule Richmond, Marekani. Alimtaja kama mtu anavyomtaja mtoto wa shangazi.

Mbio zilikuwa za kilomita zaidi ya 160 na zilishindwa na Mkanada, Magdeleine Vallieres. Nilimwona akipita mara kadhaa na sikumjua kuwa ndiye. Ninaowakumbuka ni wa mwisho. Wameachwa, pikipiki za televisheni zimeshapita, mdomo wazi, wanapanda yale mawe mmoja mmoja, na watu wa Kimihurura wanawapigia makofi kwa nguvu ileile, pengine zaidi. Mkunga alikuwa anawatazama kwa kukunja uso, kama anayehesabu mapigo ya moyo. Kisha akaniegemea sikioni. "Mwalimu, umeona? Keria hawana kabisa. Wamezing'oa."

Sikutamani kushindana, na ninaposikia watu wakisema mkoa wetu wa Kagera nao utoe bingwa, nasikiliza kwa sikio moja. Mimi ni mwalimu. Ninaowafikiria ni wasichana wangu wanaomaliza darasa la saba na kupangiwa sekondari ya mbali. Mzazi hukopa, humnunulia binti baiskeli ya shule, na hilo ni jema. Lakini Jumamosi, baiskeli ile huendeshwa na kaka yake. Ukimwuliza mzazi atakujibu bila ubaya wowote kwamba Jumamosi hakuna shule, sasa binti anakwenda nayo wapi? Mwaka huu nimeanza kuwaalika wazazi wawili watatu, pamoja na binti zao, safari fupi ya kuzunguka chini ya Boma, saa moja tu, keria tupu. Baba mmoja alikuja, akakimbia pembeni ya baiskeli ya mwanawe njia nzima akiwa na viatu vya kanisani.

Safari ijayo imeshaandikwa: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, tunaondoka Nyakahura saa kumi na mbili asubuhi kwa njia ya Rulenge, tunalala Rulenge, Jumapili tunatokea Murugarama tuingie Ngara. Hakuna atakayevaa bluu. Pampu ninayo mimi, tyubu kila mtu na yake. Safu ya watoto bado ina nafasi moja wazi. Kama unakaa Biharamulo na unaweza kukaa na watoto wawili kuanzia Ijumaa jioni, mmoja hali maharage, tuone Alhamisi saa kumi uani kwa fundi, kwenye mengineyo.